Haki ya Kushuka

Anayemwalika rafiki yake kwenda kuendesha baiskeli msituni kwa mara ya kwanza humwagiza mambo mengi. Alete maji ya kutosha. Avae viatu vya kamba, na kamba zenyewe azichomeke ndani zisinaswe na cheni. Asihangaike kutafuta helmeti, ya kuazima ipo. Jambo moja kubwa halitajwi, kwa sababu wote wawili hawalioni: tangu langoni hadi watakaporudi, mgeni hataitazama njia kwa macho yake mwenyewe. Akifika penye mteremko atamtazama mwenyeji wake. Akimwona kateremka bila kusita, ataamini panateremkika. Akimsikia anacheka huko chini, ataona aibu kubaki juu.

Anachokabidhi mgeni huyo ni uamuzi wake. Anaukabidhi bila kuombwa, na mwenzake anaupokea bila kujua kwamba amepokea kitu. Nadhani swali zito kuliko yote katika mchezo huu, zito kuliko maswali ya gia na tairi ambayo wapenzi wa baiskeli huweza kuyajadili hadi usiku wa manane, ni hili: mwenye uzoefu aufanyie nini uamuzi huo aliowekewa mikononi? Jibu langu ni kwamba aurudishe. Ila kuurudisha ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Mimi nimelitafakari zaidi jambo hili katika Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, ambako nilimpeleka rafiki yangu wa miaka mingi. Karura ni msitu wa serikali tangu 1932, una hekta zipatazo 1,000, na mji umeuzingira: Muthaiga huku, Gigiri na Runda kule, Barabara ya Limuru upande mmoja na ya Kiambu upande wa pili. Ndani kuna vijia vya udongo mwekundu, njia panda zenye vibao vya namba, mikaratusi mirefu iliyopandwa zamani, miti ya asili inayorudishwa polepole, na kima wasiomwonea haya mtu mwenye ndizi. Baiskeli hukodishwa huko huko. Zina njia zake, na njia nyingine zimeachiwa waendao kwa miguu peke yao. Aliyezoea Milima ya Ngong, kwenye mawe na upepo unaomsukuma mtu pembeni, huiona miteremko ya Karura kuwa midogo. Mgeni hana Ngong ya kulinganishia. Ana mteremko ulio mbele yake tu.

Rafiki yangu si mgeni wa baiskeli. Alijifunza utotoni, magharibi mwa Kenya, kwa baiskeli ya Black Mamba ya mjomba wake, akipitisha mguu chini ya bomba la fremu kwa sababu kiti kilimzidi kimo. Amebeba mahindi kwenye keria hadi kinuni, amewabeba wadogo zake hadi shuleni. Alichokuwa mgeni nacho ni kijia chenyewe: mizizi inayokatiza njia na kuteleza baada ya mvua, kona inayoficha kilicho nyuma yake, mteremko usioonyesha unaishia wapi. Tulipofika kwenye mmoja wa namna hiyo alisimama, akaweka mguu chini, akauliza bila kunitazama, “Bwana, hapa watu hupita kweli?”

Swali hilo lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni la habari: je, inawezekana? La pili ni la ruhusa: je, nikikataa utanionaje? Mzoefu hupenda kujibu la kwanza tu, maana ni rahisi. “Hupita, tena watoto.” Na kwa neno hilo la watoto amekwisha kulijibu la pili pia, vibaya.

Tuanze na la habari, maana hapo ndipo mzoefu hujiamini zaidi kuliko anavyostahili. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na walisema kweli, lakini walikuwa wakizungumzia miguu. Baiskeli ina sheria yake. Ikienda pole sana huyumba, usukani hupinda huku na huku, na mzizi mdogo ambao gurudumu lingeuruka bila shida hugeuka ukuta. Ikipata mwendo wa kutosha hutulia. Kwa nini iko hivyo, hata wataalamu wamebishana muda mrefu. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba baiskeli husimama kwa nguvu ya magurudumu yanayozunguka na kwa jinsi gurudumu la mbele linavyogusa ardhi nyuma ya mhimili wa usukani. Kisha mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani wakachapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi ikakosa sifa hizo zote mbili. Ilisukumwa bila mtu juu yake, na bado ilijisimamia yenyewe mradi ilikuwa na kasi. Mamilioni ya watu wanaendesha kitu ambacho maelezo yake bado yanasahihishwa.

Mwanafalsafa Michael Polanyi, aliyekuwa mkemia kabla ya kugeukia falsafa, aliutumia mfano huo huo katika kitabu chake Personal Knowledge cha 1958. Mwendesha baiskeli anayeanza kuangukia kulia hugeuzia usukani kulia, na kiasi cha kugeuza kinategemea mwendo wake. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwa hesabu. Lakini hakuna aliyejifunza kuendesha kwa kuisoma, na wanaoendesha vizuri kabisa hawaijui. Ujuzi wao uko mwilini, na mwili haujui kuhutubia. Polanyi alikuwa akionyesha kwamba elimu ya binadamu ina sehemu kubwa isiyosemeka. Kijiani jambo hilo lina matokeo ya papo hapo: mzoefu anapofungua kinywa kufundisha, anachotoa ni sehemu ndogo na hafifu ya anachokijua, na mara nyingi hata hajui kwamba kilicho bora kimebaki ndani.

Sikiliza maneno yenyewe. “Achia breki.” Lakini yeye mwenyewe haachii breki, anazigusa kwa kidole kimoja, anazilegeza kabla ya mzizi na kuzishika tena baada yake, bila kujua kwamba anafanya hivyo. “Simama kwenye pedali.” Lakini kusimama kwake kuna magoti yaliyolegea, visigino vilivyoshuka, kiuno kilichorudishwa nyuma ya kiti na pedali zilizolingana kimo. “Tazama mbele.” Huu angalau ni ushauri mzuri, kwa kuwa baiskeli hufuata macho, na anayelikodolea jiwe macho hulifuata jiwe. Ila ni ushauri usiotekelezeka kwa mtu mwenye hofu, kwa maana kazi ya hofu ni kuyavuta macho yatazame lile hasa linalotisha. Basi mgeni hupewa amri tatu zinazosikika rahisi, akashindwa kuzitii, akahitimisha kwamba kasoro ni yake.

Anaposhindwa, mzoefu huacha mafundisho na kuanza hamasa. “Twende! Usiogope! Unaweza!” Hapa ndipo penye hatari, na ningependa kupaeleza taratibu, kwa sababu hamasa ina sifa njema kila mahali na hakuna anayeishuku.

Siku hiyo hiyo pale Karura tuliwakuta watu wawili kwenye mteremko uliokuwa mbele yetu. Kijana alikuwa chini, baiskeli yake ameilaza, anapiga makofi. Mwenzake, mwanamke wa rika lake, alikuwa juu, ameshika breki zote mbili kwa vidole vyote. “Njoo tu, hakuna kitu hapo!” Akaja. Alikuja nusu nusu: gurudumu likisogea kidogo, likisimama, likisogea tena. Kifua chake kilikuwa kimeangukia usukani, macho yako kwenye mzizi. Alipoufikia mzizi, baiskeli haikuwa na mwendo wa kuuvuka wala yeye hakuwa tena na nafasi ya kushuka. Ikalala upande, naye akalala nayo. Hakuumia zaidi ya kuchubuka kiganja. Aliinuka, akapangusa udongo, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa “Samahani.”

Nimelifikiria neno hilo kuliko nilivyoufikiria mwanguko wenyewe. Alikuwa akimwomba nani radhi, na kwa kosa gani? Mtu ameanguka, mtu kachubuka, na aliyeumia ndiye anayeomba msamaha kwa aliyesimama salama. Bila shaka aliona kwamba amemwangusha mwenzake, kwamba zile shangwe za makofi zilistahili mwisho mwingine. Maana yake ni kwamba mteremko ule haukuwa wake tangu mwanzo. Alikuwa akiteremka kwa niaba ya furaha ya mtu mwingine.

Tazama pia jinsi alivyoanguka. Penye mteremko wa kijia kuna njia mbili zilizo salama. Moja ni kuteremka kwa mwendo unaotosha, mwili umetulia, breki zinashikwa kwa kiasi. Nyingine ni kushuka na kuisukuma baiskeli. Kati ya hizo mbili kuna eneo la tatu, la mwendo wa wasiwasi, na wengi huangukia humo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa sababu baiskeli inapopunguza mwendo uzito mwingi hukimbilia mbele. Akiibana ghafla mtu aliyekwisha kuinama juu ya usukani, nyuma huinuka na yeye hupinduka. Akibana ya nyuma peke yake, tairi huganda na kuteleza. Na akienda pole mno, hakuna kinachomshikilia wima. Hofu inasema kweli kwamba hapa pana hatari. Dawa inayoipendekeza, ya kubana kila kitu na kwenda polepole, ndiyo inayomwangusha.

Sasa hamasa hufanya nini? Humpeleka mtu kwenye eneo hilo la tatu. Mwili wake unabaki juu ya baiskeli kwa ajili ya rafiki, na mikono yake inabana breki kwa ajili yake mwenyewe. Amekubali nusu. Angeachiwa nafasi ya kusema hapana, angeshuka akapita salama. Angeachiwa muda wa kufikia ndiyo yake mwenyewe, angeteremka mzima. Aliyepokonywa vyote viwili amebaki na kitu kisicho ndiyo wala hapana, na kijia hakina huruma na kitu hicho.

Aristotle, katika mafundisho yake ya maadili, aliuweka ujasiri kati ya woga na ujuba. Kwake, mtu asiyeogopa chochote hana ujasiri wowote. Ana upungufu wa akili. Jasiri huogopa yale yanayostahili kuogopwa, kwa kiasi chake, na hukabili yanayostahili kukabiliwa kwa sababu amelipima jambo. Nikichukua kipimo hicho hadi Karura, naona kwamba anayeteremka kwa sababu ameitwa hajafanya tendo la ujasiri hata akifika chini salama. Amefanya tendo la utii. Na anayeshuka akaisukuma baiskeli baada ya kuupima mteremko, akaona mikono yake haijaujua bado, amekaribia ujasiri kuliko yule. Tatizo ni kwamba kwa mtazamaji wa mbali wa kwanza anaonekana shujaa na wa pili mwoga.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana hoja. Atasema: lakini bila kusukumwa kidogo, nani angefanya jambo lolote jipya? Wangapi waliogelea, walisimama jukwaani, walihamia mji wa mbali, kwa sababu tu kulikuwa na rafiki aliyewaambia unaweza? Ni kweli. Rafiki asiyenitakia zaidi ya nilivyo ana upungufu. Lakini nikiwatazama kwa makini wale walionisaidia kweli, naona hawakunipa ujasiri wao, kwa kuwa hauazimiki. Walinipa habari. Waliniambia mambo ambayo nisingeweza kuyaona kutoka pale niliposimama, kisha wakaniacha niyapime.

Hilo linawezekana kijiani. Rafiki yangu aliponiuliza kama watu hupita, nilitembea naye mteremko mzima kwa miguu, baiskeli tumeziacha juu. Nilimwonyesha kwamba baada ya kona kuna uwanda mrefu, kwa hiyo mwendo utakaopatikana utaisha wenyewe. Nilimwonyesha mizizi miwili, mmoja unaovukwa na mmoja unaokwepwa kwa kushoto. Nilimwonyesha mahali ambapo mtu akibadili mawazo anaweza kusimama bila shida. Alipiga mzizi teke kama anayekagua nguzo ya nyumba anayotaka kupanga. Halafu tukapanda, akauvuka huku ametulia. Penye mteremko uliofuata, mfupi zaidi machoni pangu, alisema, “Huu hapana, huu siuelewi,” akashuka. Mimi sikuwa na la kuongeza.

Katika hayo yote nilitofautisha mambo ambayo ni yake kuyaamua na yasiyo yake. Mgeni akisema “wewe ndiye unayejua,” kuna mahali anasema kweli, na kumrudishia kila kitu kungekuwa ukatili unaojidai heshima. Hana njia ya kujua kama upepo wa tairi umezidi kwa udongo huu, kama pedi za breki zimekwisha, kama kiti kilivyoinuliwa kitamzuia kurudi nyuma, kama mawingu yale yataufanya udongo mwekundu uwe sabuni. Hayo mzoefu ayaamue na kuyatenda bila kumsumbua. Lakini mwili wa mgeni, uchovu wake na hofu yake, ni nchi ambayo mzoefu hajawahi kufika. Anayemwambia mwenzake “hujachoka bado” anatoa taarifa za mahali asipopajua.

Kipimo kingine cha heshima ni kungoja. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, kwa maana ya kejeli. Katika mchezo huu ni kanuni ya kawaida kabisa ya adabu. Hata hivyo kuna kungoja kwa haki na kungoja kwa dhuluma. Mwenye nguvu hufika njia panda mapema, hupumzika, hunywa maji, moyo wake unatulia. Mgeni anapotokea akihema, mwenye nguvu husema “haya, twende,” na kupanda. Ametimiza wajibu wa kungoja. Lakini hesabu yake ikoje? Aliyehitaji kupumzika kidogo amepumzika sana, na aliyehitaji sana hajapumzika kabisa. Wakirudia hivyo kila njia panda, tofauti yao inazidi kukua, mgeni anaanza kujilaumu, na uchovu unampokonya ule uwezo wa kupima ambao tulitaka arudishiwe. Kungoja kwa haki huanza anapofika wa mwisho. Dakika zinazohesabika ni zile zinazofuata.

Nirudi kwenye aibu, maana ndiyo inayowanyima watu haki ya kushuka. Aibu hiyo imetoka wapi? Katika nchi zetu haina mizizi mirefu. Kabla baiskeli haijawa mchezo wa mwisho wa wiki ilikuwa chombo cha kazi, na bado ndivyo ilivyo kwa wengi. Anayepeleka magunia ya makaa sokoni huisukuma mlima mzima, jasho likimtiririka, na hakuna anayemwuliza kwa nini hakupanda. Enzi boda boda zilipokuwa baiskeli, huko Busia, Kisumu na miji mingine mingi, abiria alijua kushuka mwenyewe penye mwinuko, akatembea kando ya mwendeshaji hadi juu, wakapanda tena huku wakiendeleza mazungumzo. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali, hubeba viazi, mbao na makaa. Mwenyewe huikokota mlimani, na kwenye mteremko huweka goti juu yake na kuiachia iende. Mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Katika utamaduni huo wote, kupanda na kushuka ni sehemu mbili za safari moja. Rafiki yangu, mtoto wa Black Mamba, aliposhuka hakuona amepungukiwa na kitu. Alikuwa akifanya kama alivyofanya na mahindi ya mama yake.

Hata waasisi wa mchezo huu wa baiskeli za milimani hawakuwa na aibu hiyo. Katika miaka ya 1970, katika wilaya ya Marin kule California, kikundi cha vijana kilikuwa kikishindana kuteremka barabara ya vumbi iliyoitwa Repack. Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Mteremko ulishuka karibu mita 400 ndani ya kilomita zipatazo 3, na baiskeli zao zilikuwa za zamani, nzito, zenye tairi nene na breki ya kurudisha pedali nyuma. Breki hiyo ilichemka hadi grisi iliyokuwa ndani ikaungua, na kila mara ililazimu kuifungua na kuijaza grisi upya. Ndiko jina la mahali lilikotoka. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu maalumu kwa kazi hiyo, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki. Nikiwatazama watu wale ninachokiona ni kwamba hapakuwa na mzoefu miongoni mwao. Hakuna aliyeweza kusema “mimi ninajua, nifuate.” Kupanda kule juu walipakia baiskeli kwenye gari au walizisukuma kwa mikono. Wote walikuwa wageni pamoja, na kila mmoja alilazimika kuutazama mteremko kwa macho yake. Sisi tuliofuata ndio tuliogawanyika kuwa wanaojua na wanaoongozwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo urafiki peke yake hauwezi kulitoa, nalo ni mahali. Kujifunza kupima kunahitaji ardhi inayosamehe. Nairobi barabarani haisamehe. Mgeni wa baiskeli kati ya matatu na malori hana nafasi ya kukubali nusu wala kukataa, na gharama ya kukosea ni maisha. Karura inasamehe, lakini haikubaki hivyo yenyewe. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement walikwenda kupanda miche, wakazuiwa, wakarudi. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa pale msituni na walinzi, naye Maathai akajeruhiwa kichwani. Leo msitu upo, una uzio, unasimamiwa na shirika la serikali la misitu pamoja na chama cha marafiki wa Karura. Wengi wanaoingia langoni na baiskeli hawalifikirii hilo. Mimi nalifikiria kwa sababu linahusiana na swali letu moja kwa moja: watu wale walipigania, pamoja na miti na maji, sehemu ya mji ambamo mtu anaweza kwenda kwa mwendo wake. Ni jambo la hadhara. Bila ardhi ya namna hiyo, wosia wangu wote wa kumwachia mgeni uamuzi wake ungekuwa maneno ya bure, kwa kuwa pasipo nafasi ya kushuka hakuna uamuzi.

Na hapa ndipo ninapoona baiskeli inatuambia habari za mambo mengine. Karibu kila tunachokifanya tuliingizwa na mtu. Kuna aliyetuingiza katika chama cha akiba, katika biashara ya mitumba, katika mji tusiokuwa na ndugu, katika kundi la sala, katika mkopo. Alitutangulia, alijua, na tulimtazama yeye badala ya kuutazama mteremko. Baadhi yao walikuwa wema wa kweli, na bado tulianguka, kwa sababu walitupigia makofi kutoka chini wakati tulihitaji kutembezwa njia kwa miguu. Nasi tulikwenda nusu nusu: fedha tumetoa, moyo umebana breki. Tulipoanguka tukasema samahani.

Aristotle alitofautisha urafiki wa manufaa, urafiki wa starehe na urafiki wa watu wema wanaotakiana mema, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Msituni aina hizo tatu huonekana waziwazi. Wa manufaa anataka mtu wa kusaidiana gharama ya petroli. Wa starehe anataka mwenzi wa kucheka naye, na mwenzi akichelewa starehe hupungua. Wa tatu anamtakia mwenzake awe mtu kamili pale kijiani, mwenye macho yake, mwenye ndiyo yake na hapana yake, hata kama hapana hiyo itaharibu mwendo wa asubuhi nzima.

Kwa hiyo nikiulizwa nitajuaje kwamba rafiki niliyempeleka msituni amekuwa mwendeshaji, sitangoja ateremke pale nilipoteremka mimi. Nitajua siku nitakapokuwa nimetangulia, nimefika chini, ninamtazama, naye akasimama juu, akaukagua mteremko bila kunitupia jicho, akashuka, akaisukuma baiskeli hadi nilipo, na asiseme samahani. Siku hiyo anaweza pia kuteremka pale ambapo mimi nimeogopa. Sitakuwa na haki ya kumzuia, nami nitakuwa na haki ya kushuka.